Barua za O. Colburn

Orpha Colburn hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata kanisani, mhubiri akifika katikati ya mahubiri, watu wa benchi la nyuma walikuwa wakiona bega lake linacheza kama la mtu aliyeacha maziwa motoni. Nyumbani ndiyo usiseme. Angeanza kukanda unga, aache, atoke kwenda kutazama kama ua wa mashariki umeinama, arudi akande, aache tena. Baba yake, Mzee Obed, alipokuwa bado na kinywa chake, alikuwa akimwambia, "Wewe binti, siku ukifa itabidi tukufunge kamba ndani ya jeneza."

Kinywa hicho kilinyamaza mwezi wa Oktoba mwaka 1875. Mzee alikuwa bandani, amemshika kondoo dume mguu ili amkate kwato, mara akamwachia na kuanguka kifudifudi kwenye majani makavu. Upande wake wa kulia ulipooza, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: "Sivyo." Akitaka maji, sivyo. Akisikia mvua juu ya paa, sivyo. Orpha akajifunza kulitambua neno hilo kwa sauti yake tu, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi.

Na kwa kweli, kama mzee angepewa achague neno moja la kubaki nalo, pengine angechagua hilohilo. Pike Run kilikuwa kijiji cha vilima na kondoo mashariki ya Ohio, na katika kila nyumba nne, tatu zilikuwa za chama cha Republican. Obed Colburn alikuwa Mdemokrat tangu ujana wake, na ubishi ulikuwa ndiyo chumvi ya chakula chake. Gazeti la Republican halikuingia kwake hata kwa kufungia mayai.

Kaka mmoja wa Orpha alifia vitani. Mwingine alihamia Iowa, na habari zake zilikuwa zikifika wakati wa Krismasi tu. Akabaki yeye, mwanamke wa miaka thelathini na tano ambaye hakuolewa, na mzee kitandani karibu na dirisha la jikoni, na kondoo mia na arobaini.

Masika yaliyofuata, Silas Gantt, mwenye duka ambaye ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa posta, alimpa kifurushi kidogo kwa ncha za vidole, kana kwamba kinauma.

"Bi Orpha, kitu cha baba yako hiki. Usimwonyeshe, kitammaliza."

Pembeni ya kifurushi, mahali pa stempu, palikuwa na saini iliyotosha badala ya malipo ya posta, ya Mheshimiwa Merritt Tolliver, mbunge wa wilaya, Republican wa kweli kweli. Wabunge walikuwa wakiwagawia wakulima mbegu za serikali, na karani fulani huko Washington hakujua Obed Colburn ni mtu wa namna gani. Kifurushi kiliandikwa kabichi. Orpha alizipanda. Ikaota haradali.

Mwezi wa Julai, baada ya chakula cha mchana, alisimama mbele ya pipa la unga, akaweka karatasi juu ya kifuniko, na bila hata kukaa akaandika: "Mheshimiwa, mbegu ulizotuma zimeandikwa kabichi na zimeota haradali. Kama sheria mnazopitisha huko nazo ziko hivyohivyo, sasa naelewa hali ya nchi. O. Colburn."

Hakusema uongo. Hilo lilikuwa jina lake tangu alipobatizwa.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. "Bwana Colburn mpendwa," mbunge aliandika, "umenichekesha katika siku ambayo sikutegemea kucheka. Watu wanaoniandikia wananisifu kwanza, kisha wanaomba kazi. Wewe hukufanya hata moja. Niambie basi, huko kwenu wanasemaje juu ya bei ya sufu?"

Orpha alizunguka na barua hiyo mfukoni wiki nzima. Mara mbili alishika kalamu ili aandike kwamba yeye si bwana, ni binti. Kila mara aliona mbele yake kitakachofuata: mistari mitatu ya adabu, na salamu za afya njema, basi. Bwana Colburn ndiye aliyeulizwa bei ya sufu. Bi Colburn asingeulizwa kitu. Mara ya tatu aliandika kurasa nne juu ya sufu, akatia saini ileile, na akaenda posta kwa miguu, maili mbili, kwa sababu hakuweza kungoja farasi atandikwe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilidumu zaidi ya miaka miwili. Alimwambia mbunge kwamba daraja la chini limeoza na diwani anayejidai kulitengeneza ni shemeji wa muuza mbao. Alimwambia hotuba yake ya Julai ilikuwa nzuri mpaka nusu, na kwamba angekaa chini hapohapo. Mara moja tu aliomba jambo, nalo halikuwa lake: mjane mmoja wa bondeni, ambaye mumewe alikufa kwa homa ya kambini, alikuwa amesahauliwa kwenye kiinua mgongo cha wanajeshi. Baada ya miezi mitatu mjane yule alikuja kijijini akilia kwa furaha, hajui nani amemtetea.

Tolliver naye akaanza kuandika mambo mengine. Kwamba chumba chake cha hoteli kinanuka moshi wa taa. Kwamba mke wake, Adeline, anakohoa na madaktari wanamficha. Kwamba siku moja, baada ya kupiga kura kwa namna chama kilivyomwamuru, alirudi chumbani akafunga mlango na kulia, mtu mzima wa miaka hamsini. "Sina mwingine wa kumwambia haya, rafiki yangu mzee," aliandika. Orpha alimjibu kwamba ng'ombe naye hulia akipelekwa asikotaka, lakini ng'ombe hana kura. Na kwamba mke ahamishiwe chumba cha upande wa kaskazini, madirisha yaachwe wazi.

Silas Gantt alikuwa akizipima bahasha mkononi.

"Mzee amepata nafuu ya mkono?"

"Anaendelea."

"Anaendelea mpaka kwa Mheshimiwa Tolliver? Obed huyu huyu ninayemjua mimi?"

"Silas, kazi yako ni kugonga muhuri. Gonga."

Kwa baba yake hakusoma hata mstari. Mzee alikuwa amelala pale dirishani, akisikia kalamu inakwaruza juu ya pipa la unga, na jicho lake lilimfuata binti yake kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi. Siku nyingine alisema "Sivyo?" kwa sauti ya kupanda, kama swali. Orpha alijifanya hakusikia, akaenda kutazama ua.

Mwaka 1878 wabunge Wademokrat walikuwa wakipigania kupunguza ushuru wa sufu ya kutoka nje. Wafugaji wa Ohio walikuwa wanautaka ushuru huo kama wanavyotaka majani. Orpha aliandika barua yake ndefu kuliko zote, kuutetea. Mbunge aliipenda mno. Alisimama akaisoma mbele ya Bunge zima, na mwezi wa Juni gazeti la makao ya wilaya likaichapa, pamoja na utangulizi wa mbunge.

Gazeti lilifika Pike Run Jumanne. Jumatano asubuhi Jephthah Moss aliingia jikoni kwa akina Colburn bila kubisha hodi. Alikuwa rafiki wa Obed kwa miaka arobaini. Kwa mhunzi, watu walipobishania siasa, walikuwa wawili tu dhidi ya kumi, na walikuwa wakiona kumi hao ni wachache.

"Obed!" alisema, kofia bado kichwani. "Sahibu yangu, nimekutetea jana mpaka nusura nipigwe nyundo. Nimewaambia ni uongo, Obed hata kijiko hawezi kushika. Wakanipa hili nisome mwenyewe. Sikiliza!" Akalifungua gazeti. "'Nina barua ya mfugaji mzee wa wilaya yangu, Bwana O. Colburn wa Pike Run, Mdemokrat wa maisha yake yote, ambaye sasa macho yake yamefumbuka.' Yamefumbuka, Obed! 'Anasema: Nina kondoo mia na arobaini, na sijamwona tajiri wa viwanda akija kunisaidia kumkata sufu hata mmoja.' Haya. Ni wewe au si wewe?"

"Sivyo!" mzee alisema.

"Sivyo nini? Jina lako hili hapa!"

"Sivyo! Sivyo! Sivyo!" Mkono wa kushoto ulikuwa unapiga godoro, na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Orpha alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Kitu pekee kilichotakiwa ni maneno mawili: ni mimi. Aliyasikia kabisa kichwani mwake. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Mzee Moss, baba amechoka. Mwache alale."

Moss akalikunja gazeti, akaliweka juu ya blanketi. "Miaka arobaini," alisema. "Angalau ungeniambia mimi kwanza." Akatoka, wala hakufunga mlango.

Kiangazi kile hakuna mtu aliyekuja kumwona Obed Colburn. Wademokrat walimwona msaliti. Warepublican walituma salamu za pongezi kupitia kwa Silas, na hizo zilikuwa mbaya zaidi. Alasiri mzee alikuwa akigeuza kichwa kila mkokoteni ulipopita barabarani, akisikiliza kama utapunguza mwendo, na mkokoteni ulipita. Orpha aliona. Alikuwa akitoka shambani bila sababu, akirudi bila sababu. Alipaka chokaa banda ambalo halikuhitaji chokaa. Alianza barua tatu kwa Tolliver akazitia motoni. Chakula kikamkataa, akakonda mpaka pete ya marehemu mama yake ikawa inamtoka kidoleni kwenye maji ya kufulia.

Mwezi wa Septemba ikaja barua fupi. Uchaguzi wa Ohio ulikuwa Oktoba, na Mheshimiwa alikuwa anazunguka wilaya. "Alhamisi nitapita kwenu. Siwezi kufa bila kuushika mkono wako." Orpha aliandika kumzuia, lakini barua yake ilimkosa njiani.

Alhamisi alikuwa langoni tangu saa mbili asubuhi. Gari la farasi lilipofika, akashuka mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, ndevu zimechanwa vizuri, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Dereva alibaki na farasi.

"Bila shaka wewe ni binti wa Bwana Colburn."

"Ni mimi. Na Bwana Colburn pia ni mimi."

Alicheka kwa adabu. "Samahani, sijakupata."

"Kabichi iliyoota haradali, Mheshimiwa. Ni mimi. Daraja la chini, ni mimi. Sufu, ni mimi. Na ni mimi niliyekwambia mkeo ahamie chumba cha kaskazini. Vipi, anaendeleaje?"

Uso wa Tolliver uliiva kuanzia kwenye kola kwenda juu. Alitazama nyuma kwa dereva, kisha akapunguza sauti.

"Nani mwingine anajua?"

Orpha hakusahau kamwe kwamba hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.

"Hakuna."

"Basi na iwe hivyo. Wiki tano tu, mpaka kura zipite. Unaelewa watanifanya nini? Nimemsoma baba yako mbele ya nchi nzima!"

"Na baba yangu je? Tangu Juni hajaona sura nyingine ila yangu. Wenzake wamemtupa kwa maneno ambayo hakuyasema, na hawezi kujitetea."

"Bi Colburn, niliandika mambo... Nilikwambia mambo ambayo ndugu yangu wa tumbo moja hayajui. Nilidhani naongea na mwanamume mwenzangu."

"Ulikuwa unaongea na mtu. Ulipojibiwa hukulalamika."

"Nirudishie barua zangu."

"Nirudishie zangu."

"Ziko Washington, kwenye meza yangu."

"Zangu mimi ziko ndani, kwenye sanduku la sabuni. Siku utakayoleta zile, utapewa hizi."

Walisimama hivyo, lango katikati yao. Kisha, labda kwa adabu, labda kwa mazoea ya mtu ambaye hajawahi kupita nyumba yenye mpiga kura bila kuingia, Tolliver alivua kofia akaomba kumsalimu mzee.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Obed Colburn alikuwa amesikia kila neno. Tolliver alimnyooshea mkono wa kulia, akakumbuka, akabadilisha wa kushoto. Mzee hakuupokea. Alimtazama mbunge kutoka viatuni mpaka kichwani, taratibu, kama anavyotazamwa kondoo anayeuzwa bei ghali, akasema, "Sivyo." Alilisema kwa upole kabisa, kama anayemsahihisha mtoto hesabu. Halafu jicho lake likamhamia Orpha na likakaa hapo.

Kwenye gari, Tolliver aligeuka. "Wiki tano, Bi Colburn. Nakuomba."

Siku mbili Orpha alitembea. Alizunguka shamba lote, akavuka kilima cha pili, akarudi kwa njia ya msituni, sketi imejaa miiba. Hakuwa na wasiwasi juu ya kilicho haki. Alijua. Kilichomkimbiza huku na huko ni kujua kwamba barua atakayoandika ndiyo itakayozimaliza nyingine zote, na kwamba akishaituma, hakuna mtu tena duniani atakayemuuliza anafikiri nini.

Jumapili aliiandika, na safari hii alikaa. "Kwa mhariri. Barua iliyosomwa Bungeni ni yangu mimi, Orpha Colburn, mwanamke. Baba yangu, Obed Colburn, hakuiandika, hakuiona, na angekuwa na mkono angeichana. Hajabadili chama chake. Mheshimiwa Tolliver hakujua. Niliyoyasema juu ya sufu ni kweli na bado nayasema."

Watu walicheka mpaka Pennsylvania. Kwenye mikutano ya wapinzani alikuwapo daima mmoja wa kupaza sauti: "Mheshimiwa, leo bibi amekutuma useme nini?" Tolliver alishinda, lakini kwa kura mia mbili na kumi na mbili, yeye ambaye alizoea kushinda kwa maelfu. Hakuandika. Silas Gantt, bila kuulizwa, alikuwa akimwambia Orpha kila akiingia dukani, "Leo hakuna kitu," mpaka siku moja Orpha akamjibu kwamba amekuja kununua chumvi, si matanga.

Jephthah Moss alirudi siku ileile gazeti lilipotoka. Safari hii alibisha hodi. Alivuta kiti karibu na kitanda, akakohoa, akakuna goti.

"Na wewe nawe Obed," alisema mwishowe, "si ungesema!"

Kisha ikatoka sauti ngeni kifuani mwa mzee, kama mlango mkavu unaofunguliwa. Orpha alikimbia akidhani anakufa. Alikuwa anacheka. Moss naye akashikwa, wazee wawili wakacheka mpaka machozi, na Moss akamgeukia Orpha akifuta pua.

"Na wewe, nikikutazama natamani nikuchape fimbo. Miaka thelathini na tisa na hujapata akili."

"Thelathini na nane, Mzee Moss."

"Basi nitangoja mwaka mmoja."

Moss alipoondoka, Obed alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea sanduku la sabuni chini ya rafu. "Sivyo," alisema. Orpha akamletea maji. "Sivyo." Mto. "Sivyo!" Ndipo akaelewa, akalivuta sanduku hadi kitandani.

Alimsomea barua zote, za mbunge na, kwa kukumbuka, za kwake. Ziliwachukua majira yote ya baridi, barua moja kila alasiri theluji ikidondoka. Mzee alipinga kila kitu. Kila jambo la serikali, sivyo; kila sifa kwa Warepublican, sivyo na godoro kupigwa. Orpha, ambaye katika maisha yake hajawahi kuruhusiwa kumjibu baba yake mambo ya kura, sasa alimjibu.

"Sivyo vipi, baba? Daraja halikuoza?"

"Sivyo."

"Ulivunjia gurudumu pale wewe mwenyewe!"

"Sivyo!"

Walibishana hadi mashavu ya mzee yakarudisha rangi. Alipofika kwenye barua iliyosimulia kukohoa kwa Adeline, mzee hakupinga. Na alipofika kwenye ile ya sufu, yenyewe iliyozusha yote, alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, na baada ya muda akaonyesha kwa kidole: rudia. Alirudia. Obed Colburn alifariki mwezi wa Machi, wakati wa kondoo kuzaa, na Orpha alitoka kumzika akarudi moja kwa moja zizini, maana mmoja alikuwa amekwama.

Miaka sita baadaye, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, alikuwa akikagua meno ya kondoo dume aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Tolliver alikuwa ameshindwa uchaguzi na kurudia kazi ya uwakili. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi mkononi. Adeline alikuwa amefariki.

"Nilimkumbuka sana yule mzee wa barua," alisema baada ya salamu.

"Hakuwapo."

"Najua. Hata hivyo nilimkumbuka."

"Ungeniandikia mimi."

Tolliver aliyahamishia macho kwa kondoo. "Sikujua mwanamke anaandikiwaje habari za ushuru."

"Kwa wino," Orpha alisema.

Aliomba ruhusa ya kuandika, akapewa. Aliandika mara mbili. Zilikuwa barua za adabu tupu, hali ya hewa na afya njema, na Orpha aliijibu ile ya kwanza tu. Alisikitika, lakini hakushangaa.

Mwaka uliofuata aliuza kondoo wote, akapangisha shamba kwa mtoto wa Moss, na akapanda treni kwenda kwa kaka yake Iowa. Iowa hakukaa miaka miwili. Akahamia Nebraska, kisha Colorado, alikokuwa akipika katika nyumba ya wageni na kuwaandikia magazeti barua juu ya maji, reli na mifugo, zote kwa jina lake kamili. Mwaka 1894 wanawake wa Colorado walikuwa wameshapata kura. Novemba alipanga foleni kwa muda wa saa mbili kwenye theluji, mguu huu, mguu ule, akilalamika kwa kila mtu kwamba foleni haiendi.

Alimwandikia Jephthah Moss, ambaye sasa alikuwa hoi, akisomewa na mwanawe: "Nimepiga kura. Sikukipigia chama chako wala cha Tolliver. Nimekipigia cha tatu."

"Cha tatu?" Moss aliuliza, akijiinua kwenye mto. "Kuna cha tatu? Soma tena hapo."